Kuacha Vidonge vya Maumivu Huku Unalea: Muda wa Mwili na Muda wa Mahakama

Mada kwa semina ya wakalimani, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa dini wanaohudumia familia za Waswahili, Kentucky



Nimepewa somo ambalo kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona: mzazi aliyezoea vidonge vya maumivu alivyoandikiwa na daktari, na sasa anataka kuviacha huku watoto wakimtazama. Sitazungumzia heroini wala vijiwe. Nazungumzia chupa yenye jina la mgonjwa na lebo ya duka la dawa, iliyowekwa juu ya friji.

Niitangulize hoja yangu ili mnipinge mapema. Mwili uliozoea dawa za jamii ya afyuni hujinasua polepole, kwa miezi na pengine miaka, ilhali karibu kila anayemzunguka mzazi huyo anamtaka amalize wiki hii. Daktari anayeogopa sheria anamharakisha, mume anamharakisha, kanisa linamharakisha, mahakama ya familia nayo ina kalenda yake. Haraka hii twaifanya kwa jina la mtoto, na mimi nadai kwamba mtoto ndiye wa kwanza kuumizwa nayo.

Tumchukue mama wa kubuni, tumwite Mama Furaha. Ametoka Kivu, Kongo, akakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa yuko Louisville na anapanga mizigo ghalani zamu ya usiku. Alijifungua kwa upasuaji akapewa haidrokodoni, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni. Baadaye aliumia mgongo kazini, akapewa tena, safari hii vidonge vya mwezi mzima. Alikotoka, maumivu yalitulizwa kwa Panadol au diklofenaki, na morfini hata mgonjwa wa saratani huipata kwa shida. Dawa hii imetoka kwa daktari, kwa cheti, na bima imelipa. Angeitilia shaka kwa lipi?

Madaktari wenyewe hawakuitilia shaka. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa barua ya sentensi tano ya Jane Porter na Hershel Jick: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi hospitalini, uraibu ulionekana kwa wanne tu. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa, chini ya macho ya wauguzi. Hata hivyo barua ile ilinukuliwa kwa miaka mingi kana kwamba ilimhusu mtu anayerudi nyumbani na chupa yake. Mwaka 1996 kampuni ya dawa ya Purdue Pharma ikaingiza sokoni kidonge cha jamii hiyo, OxyContin, na mawakala wake wakawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Kampuni yake dada, Purdue Frederick, ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007 kwa jinsi dawa hiyo ilivyonadiwa. Jimbo letu la Kentucky nalo lilishtaki, na mwaka 2015 likakubali kulipwa dola milioni 24. Ukipita kaunti za milimani mashariki mwa jimbo hili utajiuliza fedha hizo zilifidia nini. Kufikia 2012, vyeti vya dawa hizi vilivyoandikwa Marekani kwa mwaka mmoja vilizidi milioni 255.

Mwaka 2017 CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ilichapisha hesabu ambayo ningependa kila mkalimani aikariri. Kati ya watu 100 wanaoanza na dozi ya siku moja tu, kama sita huwa bado wanatumia baada ya mwaka. Wakianzishiwa dozi ya siku 31 au zaidi, idadi hiyo hufika karibu 30. Mama Furaha, alipoumia mgongo, alipewa ya mwezi. Hakuvunja amri yoyote. Alifuata maagizo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2012 Kentucky iliwalazimisha waandikaji wa dawa kuchungulia kwanza daftari la jimbo la kielektroniki, KASPER. Mwaka 2017 ikaweka kikomo cha siku tatu kwa maumivu ya ghafla, pamoja na misamaha kadhaa. Sheria hizi sizilaumu, kwa kuwa zimemkinga anayeanza. Lakini aliyekwisha zoea alifungiwa mlango akiwa ndani. Baadhi ya madaktari, kwa hofu ya leseni zao, walikata dozi kwa nusu au waliacha kabisa kuandika, hata kwa mtu aliyetumia miaka mitano. Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: kukatisha dawa hizi ghafla kumewaletea wagonjwa arosto kali (mateso ya mwili uliokoseshwa dawa), maumivu yasiyozuilika na hata kujiua. Mwongozo wa CDC wa 2022 unasema kwamba aliyetumia kwa mwaka au zaidi huvumilia vizuri zaidi akipunguziwa asilimia 10 kwa mwezi, au polepole kuliko hapo. Fanyeni hesabu. Ukitoa kila mara asilimia 10 ya kilichobaki, mwaka mzima unakwisha na zaidi ya robo ya dozi ingalipo.

Sasa ingieni nyumbani kwa Mama Furaha siku daktari aliposema basi. Saa nane hadi ishirini na nne baada ya kidonge cha mwisho yanaanza miayo, machozi na kamasi, malaika yanasimama, tumbo linaharisha, miguu haitulii kitandani. Usingizi unapotea kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi la shule linapita, mdogo anataka uji, mkubwa hajapata soksi. Anajua kwamba kidonge kimoja kitamrudishia mikono yake kwa saa nne. Mkisema hana upendo kwa watoto mtakuwa mmekosea kusoma, maana wengi hukimeza kile kidonge ili waweze kuwapikia watoto.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana matibabu yake si mamoja. Yeyote anayemeza dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa, mwili wake utazizoea, awe mchungaji au askari. Huyo anahitaji daktari atakayempunguzia taratibu na kutibu mgongo kwa njia nyingine: mazoezi ya viungo, dawa zisizo za afyuni, kazi nyepesi. Mraibu ni yule ambaye hamu imemshinda, anaendelea ingawa anaona madhara, anaongeza bila kuambiwa, anaficha, pengine ananunua kwa jirani. Huyo kupunguziwa peke yake kwa kawaida hakumtoshi. Kuamua nani yuko wapi ni kazi ya mtabibu. Si yetu, wala si ya shangazi.

Kwa mraibu ziko dawa mbili ambazo jamii yetu inazichukia bila kuzijua. Methadoni imetumika tangu utafiti wa Vincent Dole na Marie Nyswander, New York, uliochapishwa mwaka 1965. Buprenofini iliidhinishwa mwaka 2002, na tangu mwisho wa 2022 mwandikaji wa dawa hahitaji tena kibali cha pekee ili aiandike. Zote mbili hukaa mwilini muda mrefu, huondoa arosto na hamu bila kumpandisha na kumshusha mtu, na hupunguza sana vifo. Nasikia kila mara, "Ameacha kidonge ameshika kingine." Tuwatazame wanavyoishi. Anayetumia buprenofini vizuri anaamka, anaendesha gari, anakwenda kwenye mkutano wa walimu. Wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu, wakumbuke kwamba Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na Kenya ilifuata miaka michache baadaye.

Methadoni ilikuwa na adha moja kubwa kwa mwenye watoto: foleni ya kila asubuhi kliniki. Nani anabaki na mtoto wa miaka miwili saa kumi na moja alfajiri? Kanuni za serikali kuu zilizopitishwa mwaka 2024 zinaruhusu kliniki kumpa mgonjwa dozi za hadi siku saba za kwenda nazo nyumbani katika wiki mbili za kwanza, na hadi siku 28 baada ya mwezi. Ni ruhusa, si haki. Zipo kliniki zinazoshikilia utaratibu wa zamani, na mkalimani anayeijua kanuni hii anaweza kumkumbusha mama aulize.

Mimba ndipo haraka yetu inapotia hatari zaidi. Mama akigundua ana mimba huambiwa atupe vyote leo. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kinapendekeza aendelee na methadoni au buprenofini, kwa kuwa wanaoachishwa wakiwa wajawazito mara nyingi hurudia, na kurudia kwaweza kuua wawili. Mtoto anaweza kuzaliwa akapata arosto yake: kulia, kutetemeka, kutonyonya vizuri. Hiyo inatibika. Hospitali nyingi ziliwatenga watoto hawa na kuwapa morfini kwa kufuata jedwali la alama. Mwaka 2023 utafiti wa hospitali 26 ulipima njia nyingine inayouliza mambo matatu: anakula, analala, anabembelezeka? Mama anakaa naye, anamkumbatia ngozi kwa ngozi, taa zinapunguzwa. Watoto wa njia hiyo walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 kwa wastani, badala ya 14.9. Hapa pekee ndipo naona haraka yenye faida, na ililetwa na kumwacha mama karibu. Kunyonyesha nako hushauriwa kwa mama aliyetulia kwenye methadoni au buprenofini na asiyetumia kingine.

Nije kwenye hofu yenyewe, ile inayowafanya wasije kliniki: "Watanichukulia watoto." Siwezi kuwaambia hofu hiyo ni ya bure. Sheria ya mwaka 1997 ya kuasili na usalama wa familia inazitaka serikali za majimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, ziombe mahakama ikate haki za mzazi pale mtoto anapokaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22. Wekeni miezi hiyo kando ya asilimia 10 kwa mwezi. Wekeni pia kurudia, ambako ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huu. Muda wa mwili na muda wa mahakama haulingani, na anayechelewa kuanza matibabu kwa woga anajipunguzia miezi yake mwenyewe.

Lakini sheria ina upande mwingine ambao watu wetu hawaambiwi. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza kwamba anayetumia methadoni au buprenofini kwa maagizo halali, na asiyetumia dawa haramu, analindwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Ofisa wa ustawi wa watoto akimwambia mama aache buprenofini kwanza ndipo arudishiwe mwanawe, hapo pana jambo la kumpelekea wakili. Kumbukumbu za kliniki za uraibu zina ulinzi wake wa siri katika sheria ya serikali kuu. Na baadhi ya kaunti za Kentucky zina mpango wa START, ambapo ofisa wa ustawi huenda pamoja na mshauri aliyewahi kuwa mraibu mwenyewe, na mzazi huingizwa katika matibabu mapema. Kwa maoni yangu ni moja ya mambo mazuri kabisa ya jimbo hili, na sijaona karatasi yake ya Kiswahili.

Wakalimani, hili ni lenu. Binti wa miaka kumi na miwili asimkalimanie mama yake kwa daktari wa uraibu. Kanuni za serikali kuu zinakataza hospitali zinazopokea fedha zake kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura. Mama atapunguza idadi ya vidonge ili binti asijue, binti atapunguza maneno ya daktari ili mama asilie, na dozi itaandikwa kwa kufuata mazungumzo hayo. Mkimkuta mtoto kwenye kiti chenu, mwombeni atoke, hata kama familia itanuna.

Nyumbani pana mambo matatu nisiyoyaachia mjadala. Dawa zote, za maumivu na za matibabu, ziwe kwenye kisanduku chenye kufuli, maana buprenofini inayomtuliza mama inaweza kuzima pumzi ya mtoto mdogo. Naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, iwepo, nayo tangu 2023 imeidhinishwa kuuzwa bila cheti, na baba na mtoto mkubwa wajue kuitumia. Na aliyeacha kwa wiki kadhaa ajue kwamba mwili umesahau: dozi yake ya zamani sasa inaweza kumuua. Kidonge kikimezwa na mtoto, simu ya sumu ni 1-800-222-1222 na wana wakalimani, lakini akishindwa kupumua au asipoamka pigeni 911.

Watoto waambiwe nini? Umri wao uamue, lakini wasidanganywe. Mtoto wa miaka sita aweza kusikia, "Mama ana ugonjwa, anatumia dawa ya kumponya, na ugonjwa huu hukuusababisha wewe." Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Napendekeza kwa semina hii jambo dogo. Makanisa na misikiti iliyowakilishwa hapa ina kamati za akina mama zinazojua kupika msibani bila kuulizwa nani kafa kwa nini. Kila kamati itoe wanawake wawili watakaokuwa tayari kukaa na watoto asubuhi za kliniki na siku za mahakama, bila kuuliza miadi ni ya nini. Orodha ianze leo, na majina apewe muuguzi wa kliniki, wala si mzee wa kanisa.