BEI HAIPANDI SAFARINI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mukuyuni)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya simu za mkononi. Mimi si wakili. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika kazi ya reli, na kazi yangu ninyi mwaijua: kutembea njiani na nyundo na kutazama kama mataruma yamekaa sawa. Lakini jambo hili limenifika mfukoni, na wengi wenu pia.

Mwaka jana nilinunua simu kwa kulipa kidogo kidogo. Nilitoa shilingi 2,000, na mapatano yakawa shilingi 40 kila siku kwa siku 365. Jumla shilingi 16,600. Simu ya namna hii usipolipa hujifunga yenyewe, hata mama mgonjwa akikutafuta usiku hakupati. Nililipa siku 120 bila kukosa. Siku moja ukaja ujumbe mfupi: kuanzia kesho ni shilingi 50. Hakuna sababu, hakuna pole. Fanyeni hesabu pamoja nami. Siku 245 zilizobaki, kwa shilingi 10 za kuongeza, ni shilingi 2,450. Karo ya nani hiyo?

Nilikwenda dukani. Kijana akaniambia, "Mzee, ni mfumo." Mimi sijafika miaka arobaini naye aniita mzee! Nikamwuliza huyo mfumo ni nani, tulipatana naye lini. Akacheka tu.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli tunajua tikiti. Mwanzo wa mwaka 2024 nauli ya treni kutoka Nairobi mpaka Mombasa, daraja la chini, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Watu walinung'unika, lakini kila mtu aliiona bei kabla ya kupanda. Basi mtu aliyepandia Emali na tikiti yake mkononi, akifika Voi, je, aambiwe aongeze pesa au ashuke porini? Hakuna hata mmoja wenu angekubali. Mapatano ya simu ni tikiti.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya. Wengi wetu hatuna mkataba wa mwezi. Twanunua pesa za kuongea leo, kesho tena. Huyo bei yaweza kumpandia kesho. Ushuru wa serikali juu ya kuongea ulitoka asilimia 10 ukawa 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, na kila ulipopanda tuliusikia haraka kwenye simu. Kazi ya mtu huyo ni kutazama bei na kuhama akiona imezidi. Lakini bando uliyokwisha kulipia ni mali yako kwa masharti uliyoambiwa wakati wa kununua. Na aliyepatana bei ya mwaka mzima ana haki kubwa zaidi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi anachonunua, haki ya kulindwa faida zake za uchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa au huduma. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Inasema maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, ichukuliwe ile inayomfaa mnunuzi. Inasema pia kwamba haki zake haziondoki hata kama alitia sahihi ya kuziacha. Shikeni hilo la pili. Nyuma ya karatasi yangu kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, kama mayai ya chawa, yakisema bei yaweza kubadilika. Hayakusema kwa kiasi gani wala kwa sababu gani. Mbele imeandikwa wazi: shilingi 40, siku 365.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelipigania jambo hili. Kule Tanzania, tarehe 2 Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilianza. Wananchi wakapiga kelele, na serikali ikaagiza zisimamishwe siku ile ile. Uingereza makampuni yalizoea kupandisha bei katikati ya mkataba kwa kufuata kupanda kwa gharama za maisha, jambo ambalo mteja hawezi kulijua mapema. Tangu 17 Januari 2025, kwa mikataba mipya, nyongeza yo yote inayotiwa katika mkataba lazima iandikwe mwanzoni kwa pauni na peni. Ni kitu kidogo, lakini mtu ajua atatoa nini.

Sasa niwaambie tulivyofanya sisi. Katika gengi letu tulikuwa sita wenye simu hizo. Tulifanya kama mwethya: barua moja, sahihi sita, nakala za karatasi zetu na za malipo. Tuliipeleka kwa kampuni kwanza, maana huko ndiko malalamiko huanzia, tukaandika kwamba tusipojibiwa tutakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kwenye mahakama ya madai madogo. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu aweza kwenda bila wakili.

Baada ya siku 21 watano wetu tulirudishiwa bei ya shilingi 40. Wa sita hakurudishiwa. Alikuwa ametupa karatasi yake, na ujumbe wa kwanza wa kampuni alikuwa ameufuta ili simu ipate nafasi. Mpaka leo analipa 50. Tunamtafutia risiti za malipo ya zamani, nazo zitatusaidia kidogo.

Na zile shilingi 210 nilizolipa zaidi katika siku 21 hazijarudi. Nimeandika barua ya pili. Nakala iko kwa Katibu. Mwenye shida kama yangu aje Jumamosi na karatasi zake, aione ilivyoandikwa, naye aandike yake.