Kupoza Hewa ya Supachaja kwa Maji: Hesabu Yake, na Siku Tangi Linapokauka



Nimeombwa nizungumzie unyunyiziaji wa maji kwenye hewa inayoingia katika injini zenye supachaja. Nianze na jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hulisema mwishoni, kama wakilisema: maji hayaungui. Mfungie mteja mfumo wa maji, uache puli ile ile na taiming ile ile, atarudi kesho kukuuliza pesa yake imekwenda wapi. Maji hutoa nafasi tu. Injini ikipoa ndani, unaweza kuongeza presha au kuwahisha cheche bila pistoni kuumia, na nguvu inatoka huko. Lakini ukishaitumia nafasi hiyo yote, umeifunga injini kwenye tangi la maji, na hapo ndipo ugomvi wangu na kazi nyingi ninazoziona ulipo.

Tuanze na joto lenyewe. Mchana wa Dar es Salaam hewa ina nyuzi 30 hivi. Supachaja ikiisukuma kwa baa 0.6 juu ya presha ya nje, hata mashine isiyopoteza chochote ingeipandisha joto kwa nyuzi zaidi ya 40. Mashine ya namna hiyo haipo. Supachaja ya aina ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 60 huitoa hewa hiyo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo silinda hupata hewa pungufu kuliko geji ya presha inavyotamba. Baya zaidi, sehemu ya mchanganyiko hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndio ule mlio wa kokoto ndani ya kopo tunaouita kugonga, na ukiuachia huvunja ringi na kutoboa pistoni.

Sasa maji. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza kilojuli 2,400 hivi; petroli haifikishi hata 400. Kilo moja ya hewa, kwa upande wake, inahitaji kupoteza kilojuli moja tu ili ishuke nyuzi moja. Kwa hiyo gramu 20 za maji katika kila kilo ya hewa, zikigeuka mvuke zote, zinaishusha karibu nyuzi 50. Injini ya nguvu farasi 200 huvuta takriban kilo 9 za hewa kwa dakika ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Hiyo ni gramu 180 za maji kwa dakika, karibu robo ya uzito wa petroli inayoungua wakati huo huo. Si kiasi cha kutisha, kwa sababu mfumo huamka pale tu presha inapopanda. Kwenye foleni haunywi kitu.

Mafundi wa pwani huniuliza: hewa yetu imeshashiba unyevu, hayo maji ya ziada yatakaa wapi? Swali zuri, na jibu lake linategemea nozeli umeiweka wapi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 tayari imebeba gramu 21 au 22 za mvuke kwa kila kilo, na mwisho wake ni 27. Ukinyunyiza kabla ya supachaja, ni gramu chache tu zitakazogeuka mvuke pale. Yaliyobaki yataingia kwenye rota yakiwa matone. Lakini hewa ikishapita kwenye supachaja na kuchemka, uwezo wake wa kubeba mvuke unapanda sana. Hata ukiipoza mpaka nyuzi 55 kwa presha ile ile ya baa 0.6, bado inaweza kubeba zaidi ya gramu 60. Kwa hiyo Mombasa na Tanga hazina kisingizio. Nozeli iwekwe baada ya supachaja, na kama gari ina intakula, yaani kipoza hewa, baada ya intakula.

Kuhusu intakula, tusichanganye mambo mawili. Baadhi ya Subaru STI na Mitsubishi Lancer Evolution zilizotoka Japani zina kibonye cha kurusha maji juu ya mapezi ya intakula. Hayo ni maji ya nje, hayaingii kwenye silinda kabisa.

Jihadharini pia na kipima joto cha hewa. Kikiwekwa karibu sana, baada ya nozeli, matone yanakilowesha, na kinasoma joto la maji badala ya joto la hewa. Kompyuta ya gari inaamini hewa ni baridi, inawahisha cheche, na injini inagonga huku skrini ikionyesha namba nzuri. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji hugeuka mvuke ndani ya silinda wakati pistoni inapanda, kwa hiyo kipimo cha kwenye manifoldi hakiwezi kukupa habari yote. Sikilizeni injini, na someni plagi.

Jambo lenyewe si geni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, injini ya Pratt & Whitney R-2800 kwenye ndege za Corsair, yenye supachaja inayozungushwa kwa gia, ilipanda kutoka nguvu farasi 2,000 hadi 2,250 kwa msaada wa maji. Wajerumani walikuwa na MW 50, nusu methanoli na nusu maji kasoro mafuta kidogo ya kuzuia kutu, na rubani aliruhusiwa kuitumia dakika 10 kwa mkupuo. Rubani alikuwa na fundi wa kumjazia tangi kila anapotua. Mwenye gari hana. Oldsmobile walilijua hilo baada ya kuuza Jetfire mwaka 1962: injini ya V8 ya lita 3.5, tabo, uwiano wa mgandamizo 10.25 kwa 1, na chupa ya maji na methanoli. Wateja waliiacha chupa ikauke. Valvu ya usalama ikabana presha kama ilivyoundwa, nao wakalalamika gari haina nguvu. BMW M4 GTS ilibeba tangi la lita 5 kwenye buti, na maji yakiisha kompyuta yake hupunguza presha na kuchelewesha cheche.

Zote mbili hizo ni za tabo, na kwa tabo kujiokoa ni rahisi: fungua geti la moshi, presha inashuka. Supachaja imefungwa kwa mkanda kwenye kranki. Mizunguko ikipanda, presha inapanda, maji yawepo yasiwepo. Anayefunga mfumo huu lazima aandae njia nyingine. Toyota 4A-GZE ina klachi ya sumaku kwenye supachaja, na inaweza kukatwa kwa swichi moja. Kwa zisizo na klachi, tumia valvu ya kurudisha hewa nyuma, na ifunguliwe na kipimo cha mtiririko wa maji. Kipimo cha ujazo wa tangi hakitoshi, maana tangi linaweza kujaa huku nozeli imeziba.

Nozeli huziba kwa maji yetu wenyewe. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi; tumieni maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuongezea kwenye betri, mkihakikisha si asidi. Wekeni valvu ya umeme jirani na nozeli, kwani nozeli ikivuja gari ikiwa imezimwa, maji hukusanyika polepole mpaka ndani ya silinda, na ukiiwasha asubuhi konrodi inaweza kupinda. Mnaochanganya methanoli kwenye maji, kumbukeni ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja.

Kabla ya kumkabidhi mteja funguo, mwageni maji yote. Ipandisheni gari mlima mrefu, gia ya tatu, mguu chini, tangi likiwa tupu. Ikigonga, kazi haijaisha, na bili isiandikwe.