Burt Munro, Fundi wa Invercargill



Habari za leo ni za mtu mmoja wa New Zealand, jina lake Burt Munro, ambaye alinunua pikipiki akiwa kijana wala hakuiacha mpaka uzee wake. Hakuibadili kwa nyingine. Aliibadili yenyewe, kipande baada ya kipande.

Munro alizaliwa mwaka wa 1899 katika pande za kusini kabisa za nchi ile, karibu na mji wa Invercargill, mwana wa mkulima. Mwaka wa 1920 alinunua pikipiki ya Kimarekani iitwayo Indian Scout, yenye injini ya silinda mbili na ukubwa wa cc 600. Mwendo wake mkubwa ulikuwa maili 55 kwa saa. Watu wengi wa siku zile waliuona mwendo huo kuwa wa kutisha, lakini Munro hakutosheka nao.

Akaanza kushindana katika viwanja vya mashindano, na pia juu ya mchanga wa pwani ya Oreti, ambao maji yakisha kupwa huwa mgumu kama barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alivuka bahari kwenda Australia, akashindana huko katika viwanja vya mviringo. Kisha biashara ikaharibika duniani kote, naye akarudi kwenye shamba la babaye. Baadaye alipata kazi ya kuuza pikipiki. Mchana alifanya kazi ya tajiri wake. Usiku alifanya kazi yake mwenyewe.

Na kazi hiyo ndiyo ya kustaajabisha. Fedha za kununua vyombo vya mashindano hakuwa nazo, basi alivitengeneza kwa mikono yake. Pistoni alizisubu mwenyewe, akitumia makopo ya zamani kuwa kalibu. Silinda alizichonga katika mabomba ya chuma yaliyokwisha kutupwa. Mikono ya kuunganisha pistoni na mhimili wa injini aliitoa katika ekseli ya trekta, akaikata na kuipiga tupa hata ikapata umbo alilolitaka. Hata kipimo chake cha kupimia vitu vyembamba alikifanya kwa spoki ya gurudumu! Valvu, ambazo kiwandani ziliwekwa ubavuni mwa silinda, yeye alizihamishia juu, ili injini ivute pumzi vizuri zaidi. Fundi yeyote aliyewahi kufungua injini atajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Mara nyingi injini ilipasuka. Kazi ya miezi mingi iliharibika kwa dakika moja, naye akaanza tena. Vipande vilivyovunjika hakuvitupa: alivipanga rafuni katika kibanda chake, akaandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Hata hivyo, tangu mwaka wa 1938 alianza kuvunja rekodi za New Zealand, moja baada ya nyingine.

Mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 63, aliipeleka pikipiki yake Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani. Huko kuna uwanda wa chumvi, mweupe na tambarare, ambapo watu huja kushindana na saa. Sheria yake ni kwamba mtu apite mara mbili, kwenda na kurudi, na rekodi ni wastani wa miendo hiyo miwili. Hivyo upepo haumsaidii mtu kwa udanganyifu. Munro alipata maili 178.95 kwa saa, rekodi ya injini zisizozidi cc 883.

Alirudi tena mara nyingi. Mwaka wa 1967, katika mbio moja, pikipiki ilianza kuyumba vibaya ikiwa katika mwendo mkali. Aliinua kifua ili upepo umzuie, upepo ukamng'oa miwani, asione kitu. Akailaza pikipiki ubavuni, wakateleza pamoja juu ya chumvi. Alikuwa mzee wa miaka 68. Hata hivyo mwaka huo huo aliandikiwa rekodi ya maili 183.59 kwa saa kwa injini zisizozidi cc 1,000, na katika mbio ya upande mmoja alifikia maili 190.07. Injini ilikuwa ile ile ya mwaka wa 1920, ingawa ni vigumu kusema ni sehemu gani yake iliyosalia kama ilivyotoka kiwandani.

Munro alifariki dunia mwezi wa Januari 1978. Miaka mingi baadaye mwanawe alizitazama tena hesabu za mwaka wa 1967, akaona kwamba wastani ulikuwa umekosewa. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilizipiga hesabu upya, na mwaka wa 2014 kikaisahihisha rekodi yake kuwa maili 184.087 kwa saa.