Ghorofa Huanza na Vyumba Vinne: Njia ya Kuingia Kwenye Nyumba za Kupangisha

Mada kwa washiriki wa semina ya wawekezaji wapya, Dar es Salaam

Utangulizi



Wengi wetu tukiulizwa ndoto zetu, tunataja ghorofa. Naomba kwanza turudi Magomeni na Kariakoo ya wazee wetu. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, jiko na choo uani. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha. Hoja yangu imetoka humo: anza na vyumba vichache vinavyojilipa, kisha vyumba hivyo vijenge vingine.

1. Hesabu kabla ya tofali

Tuchukue mfano. Kiwanja na vyumba vinne vimekugharimu shilingi 40,000,000, na kila chumba unakipangisha kwa 80,000 kwa mwezi. Kwa haraka, unaona 3,840,000 kwa mwaka. Lakini kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu, zinabaki 3,520,000. Toa kodi ya zuio ya pango ya asilimia 10, kisha tenga kiasi kama hicho kwa bati, rangi, mabomba na kunyonya choo. Mkononi unabaki na 2,816,000. Fedha yako itarudi baada ya miaka 14, si 10.

Na kama milioni 40 hizo umezikopa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake itakaribia milioni 6. Badala ya vyumba kukulisha, wewe ndiye utavilisha kwa mshahara wako. Ndiyo maana nasisitiza awamu: kamilisha viwili, vipate wapangaji, ndipo upandishe kuta za viwili vingine.

2. Karatasi kabla ya kiwanja

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tunachopata ni haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Hivyo karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue kama kiwanja kimewekwa rehani. Hakikisha mwenzi wa ndoa wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Kisha kakitazame kiwanja wakati wa masika, uone maji yanapita wapi.

3. Mpangaji

Kodi ya miezi sita ikilipwa kwa mkupuo, ni riziki ya miezi sita, igawe. Andikeni mkataba hata kama mpangaji ni binamu yako. Funga mita ndogo ya umeme kila chumba, kwani LUKU ya pamoja huzaa ugomvi uani. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU hiyo hiyo, nayo ni deni la mwenye nyumba: mpangaji aliyekatwa mrudishie.

Hitimisho

Ndugu zangu, kabla ya kumwita fundi, kaa na daftari usiku mmoja, uandike miezi mitupu, kodi na ukarabati. Vyumba vinne vikijilipa, umeshajifunza kazi ya ghorofa zima. Visipojilipa, ghorofa lingeikuza hasara ile ile.