Usafi Unaopimika: Neno kwa Wenye Biashara Kandokando ya Ziwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani katika maadhimisho, Muleba)

 

Kamati imenitaka niseme machache juu ya kampuni na mazingira. Nimelikubali jambo hilo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa katika hadhara hii wamo wenye maduka na karakana, wenye mashine za kukoboa, wenye mitumbwi, wanunuzi wa kahawa na wa dagaa, na pia wamo wafanyakazi wao. Wote hawa wanaishi kwa ziwa moja na udongo mmoja. Hoja yangu ni moja tu: usafi usiopimwa hauwezi kuthibitishwa, na usafi usioongezeka mwaka hata mwaka huanza kupungua bila mwenyewe kutambua.

Mzee yeyote wa Kihaya analijua jambo hili kutokana na kibanja chake. Udongo wa kibanja haukuwa mweusi tangu mwanzo. Vizazi vingi vilikata nyasi za rweya, vikaleta samadi ya ng'ombe, vikarudisha maganda ya ndizi na majani ya migomba shinani, hadi ardhi iliyokuwa dhaifu ikaweza kulisha ukoo mzima. Hakuna mwenye kibanja anayesema, "Nimekwisha kutia mbolea, kazi imekamilika." Akiacha misimu michache tu, migomba humwambia ukweli. Ndivyo ilivyo kwa kampuni: kutunza mazingira ni kilimo cha kila msimu, wala si jengo la kuzinduliwa mara moja na kusahauliwa.

Sasa tutoke shambani twende ziwani. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Waliotumia sumu hawakuwa wavuvi wote, wala hata wengi wao. Lakini methali yetu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na mwaka ule methali hiyo ilikuwa ndiyo hali ya soko. Kiwanda kilichonunua samaki safi kilifungiwa mlango sawasawa na aliyenunua bila kuuliza. Mvuvi mwadilifu wa visiwani alikosa mnunuzi sawasawa na mhalifu. Kwa nini? Kwa sababu neno la kusema "sisi ni safi" halikuwa na upimaji wa kutosha nyuma yake. Soko lilipofunguliwa tena kwa Tanzania mwaka 2000, lilifunguliwa kwa nguvu ya ukaguzi: sampuli za samaki na maji kupelekwa maabara, na mamlaka za serikali kuweza kuonyesha matokeo kwa maandishi.

Ndugu zangu, somo la tukio lile halijachakaa. Mnunuzi wa mbali hawezi kuingia moyoni mwetu kuona nia yetu njema. Jirani anayechota maji chini ya karakana yetu naye hawezi. Wote wawili wanahitaji kitu kinachoonekana.

Ulimwengu umetengeneza utaratibu wa kufanya hivyo. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango kiitwacho ISO 14001, kikarekebishwa mwaka 2004 na tena mwaka 2015. Watu wengi hudhani kiwango hiki hutaja kiasi cha moshi au maji machafu kinachoruhusiwa. Sivyo. Kinachodai ni mwenendo: kampuni ijue madhara yake, itii sheria za nchi, iweke malengo, itende, ijipime, ijirekebishe, kisha irudie mzunguko huohuo ikiwa bora kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani hakisafishi mfereji. Kinachousafisha ni mtu anayeurudia mzunguko ule hata siku ambayo mkaguzi hayupo.

Sheria ya nchi yetu nayo imeweka msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza, na ukaguzi baada ya kuanza. Inakataza pia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini sheria ni sakafu ya nyumba; haijawahi kuwa paa. Anayeishia kwenye sheria amesimama mahali pa kuanzia.

Je, mwenye biashara ndogo aanzie wapi? Aanze na daftari. Aandike kila mwezi mambo manne: umeme au mafuta aliyotumia, maji, kuni au mkaa, na taka alizotupa. Pembeni aandike kazi iliyofanyika. Tuchukue mfano wa kukisia. Mashine ya kukoboa ilitumia lita 300 za dizeli mwezi wa kwanza kwa magunia 1,000. Mwezi wa pili ikatumia lita 330 kwa magunia 1,200. Mwenye kutazama gharama peke yake atanung'unika kuwa matumizi yamepanda. Lakini kwa kila gunia yameshuka, kutoka lita 0.3 hadi lita 0.275. Fundi aliyekaza mkanda na kusafisha chujio anastahili shukrani, na daftari ndilo litakalomshuhudia.

Hata hivyo, tusijidanganye kwa hesabu hiyo. Hewa yetu haihesabu magunia. Hupokea moshi wa lita 330. Kwa hiyo kampuni yenye uadilifu huandika hesabu zote mbili: kwa kila kipimo cha kazi, na kwa jumla. Ya kwanza huonyesha ustadi wetu, ya pili huonyesha mzigo tunaowatwisha wengine. Mwenye kutangaza ya kwanza na kuficha ya pili hajasema uongo, lakini hajasema ukweli wote.

Baada ya kupima, tutazame kile tunachokiita taka. Katika sangara mmoja, minofu inayosafirishwa huwa kama theluthi moja tu ya uzito, au zaidi kidogo. Yaliyobaki yamekwisha kupata majina na bei: mapanki huliwa au kusagwa kuwa chakula cha mifugo, na mabondo yana wanunuzi wa mbali wanaoyagombania. Katika kahawa ya maganda, karibu nusu ya uzito hubaki kinuni, nayo yaweza kuwa nishati au kurudi kibanjani. Huko Missenyi, kiwanda cha sukari cha Kagera huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme. Na tani moja ya miwa huacha makapi yapatayo kilo 300 yakiwa bado na maji. Wavuvi wa dagaa nao wameanza kuacha karabai za mafuta ya taa na kutumia taa za umeme wa jua. Kila hatua kati ya hizo ilianza pale mtu alipouliza: kwa nini tunakilipia kitu hiki, kisha tunakitupa?

Nisisahau nyumba hii tuliyokusanyika. Hekalu si kampuni, lakini lina jiko, lina umeme, na lina taka za sikukuu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tumejifunza kwamba mazoea yanaweza kubadilika kwa muda mfupi. Basi na tuendelee. Wahaya na Wahindi wote wamekula juu ya jani la mgomba tangu enzi za mababu. Hakuna sahani iliyo safi zaidi ya hiyo, na kesho yake hurudi shambani. Na zile sanamu zinazozamishwa majini ziwe za udongo mtupu, ambao huyeyuka, wala si za plasta na rangi za viwandani.

Ombi langu kwenu ni jepesi. Kila mwenye biashara aliyeko hapa anunue daftari juma hili, na amkabidhi mfanyakazi mmoja kwa jina. Asimwadhibu mfanyakazi huyo akileta habari mbaya, kwa maana mahali ambapo habari mbaya huadhibiwa, daftari hujaa habari njema za uongo. Kisha, tutakapokutana tena katika maadhimisho ya mwaka ujao, na tuyalete madaftari hayo, tukae pamoja, mwenye duka na jirani yake, tuulizane: tumepungua kwa kiasi gani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwa hili tumelirithi likiwa na samaki, na wajukuu zetu watatudai hesabu yake. Heri tuwe na maandishi ya kuwaonyesha.