Wakati wa Hatari Nao Ni Wakati wa Maswali



Tumeombwa tuzungumze juu ya miungano ya mataifa, na juu ya uongozi wa kidemokrasia wakati ulimwengu unapokumbwa na mgogoro. Badala ya kuzungumza kwa jumla, tumeona afadhali tulichukue tukio moja ambalo wengi wetu tulilifuata redioni kila usiku, nalo ni mgogoro wa Ghuba wa mwaka 1990 na 1991. Tumelichagua kwa sababu lilitokea wakati uleule ambapo sisi hapa Kenya tulikuwa tukiambiwa kwamba vyama vingi vitaligawanya taifa, na kwamba nchi iliyo katika hatari huhitaji sauti moja tu.

Kumbukeni mwaka ule ulivyokuwa. Siku ya kwanza ya Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarani akauliza kama tawala za chama kimoja za Afrika hazingejifunza kutokana na zile zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki. Tarehe 4 Julai Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini, na siku tatu baadaye damu ya Saba Saba ikamwagika. Tarehe 2 Agosti majeshi ya Iraq yaliivamia Kuwait. Tarehe 14 mwezi huohuo Askofu Alexander Muge alikufa barabarani akirudi kutoka Busia. Basi, ulimwengu ulipokuwa umegeuza macho kuelekea jangwani, sisi tulikuwa tukizika.

Hoja ile ya sauti moja ilipimwa kwanza Baghdad, maana Iraq ilikuwa na sauti moja kweli. Mwezi Julai 1979, siku chache tu baada ya Saddam Hussein kushika urais, viongozi wa chama chake cha Baath waliitwa mkutanoni. Majina yakasomwa, na kila aliyetajwa akatolewa nje ya ukumbi. Baadhi yao waliuawa. Tangu siku ile ni nani angethubutu kumwambia Rais kwamba amekosea hesabu? Mwaka 1980 aliishambulia Iran, na vita vikadumu miaka minane. Vilipokwisha, watu mamia kwa maelfu walikuwa wamekufa na Iraq ilikuwa imeelemewa na madeni, mengine yakiwa ya Kuwait. Mwaka 1990 akaona njia ya kumalizana na mdai ni kumteka mdai mwenyewe. Inaonekana alidhani Waarabu wangenyamaza, na kwamba nchi kubwa zingelalamika siku chache kisha zisahau. Hesabu zote mbili zilikuwa za makosa, na Baghdad haikuwa na bunge, wala gazeti, wala waziri wa kumrudishia daftari alisahihishe.

Sasa tutazame upande wa pili. Siku ileile ya uvamizi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 660 la kuitaka Iraq iondoke. Kesho yake Marekani na Urusi ya Kisovieti, zilizokuwa mahasimu kwa zaidi ya miaka arobaini, zilitoa tamko la pamoja. Tarehe 6 Agosti vikwazo vya biashara viliwekwa. Tarehe 10 viongozi wa Kiarabu walikutana Cairo, na nchi 12 kati yao zikakubali kupeleka askari kuilinda Saudi Arabia. Hatimaye nchi zaidi ya 30 zilikuwa katika muungano ule. Kazi hiyo ilichukua miezi, kwa kuwa kila mmoja ilibidi ashawishiwe, na kila mmoja alikuwa na watu wake nyumbani waliomdai sababu.

Hapa ndipo tunapowaomba mkae nasi kidogo, kwa maana hapa ndipo pana jibu kwa wale waliotuambia tunyamaze.

Mwezi Novemba 1990 maelfu ya askari wa Uingereza walikuwa wamekwisha kupiga kambi jangwani wakimngoja adui. Waziri Mkuu wao, Margaret Thatcher, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kutaka Iraq ikabiliwe bila kulegeza. Hata hivyo, katika wiki hizohizo wabunge wa chama chake mwenyewe walichoshwa naye, hasa kwa ajili ya kodi ya kichwa aliyowatwika wananchi na kwa ajili ya mambo ya Ulaya. Tarehe 20 walipiga kura. Alipata 204, na mpinzani wake 152, naye hakufikia kiwango kilichotakiwa. Siku mbili baadaye alitangaza kuacha, na tarehe 28 John Major akaichukua nafasi yake. Hapakuwa na risasi wala kizuizi. Ni nani aliyesema kwamba Uingereza imegawanyika, adui ataingia? Askari hakurudi nyumbani hata mmoja kwa sababu hiyo, na kesho yake, tarehe 29 Novemba, Uingereza iliinua mkono katika Baraza la Usalama pamoja na nchi nyingine 11 kuipa Iraq mpaka tarehe 15 Januari iwe imeondoka. Ahadi ilikuwa ya nchi nzima, haikuwa ya mama yule peke yake, ndiyo maana alipoondoka haikuondoka naye. Jiulizeni ahadi za tawala za mtu mmoja huenda wapi mtu huyo anapokufa.

Huko Marekani, Rais George Bush, yule baba, alikuwa amesema kwamba kisheria hakuhitaji ruhusa ya Bunge. Lakini mwanzoni mwa Januari aliliandikia Bunge hilo kuliomba limuunge mkono. Walijadili siku tatu, hadharani, huku Baghdad ikisikiliza. Wapo waliosema vikwazo vipewe muda zaidi, na wapo waliouliza vijana wafe kwa ajili ya mafuta ya nani. Tarehe 12 Januari 1991 Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 250 dhidi ya 183, na Seneti kwa kura 52 dhidi ya 47. Seneta watatu tu wangegeuka, hoja ingeanguka. Hakuna aliyekatwa mshahara, wala kufukuzwa chamani, wala kuitwa msaliti kwa amri ya serikali. Wahenga wetu walisema mkubwa ni jalala, yaani kila takataka hutupwa kwake naye hupokea. Kiongozi aliyekwisha kupokea maneno makali ya nyumbani huaminiwa na marafiki wa nje, kwa sababu wanajua neno lake limepita tanuruni.

Wala tusijidanganye kwamba muungano ule ulikuwa wa malaika. Yemen na Cuba zilipiga kura ya hapana tarehe 29 Novemba, na China haikupiga upande wowote. Marekani ilikata msaada wake kwa Yemen, na Wayemeni mamia kwa maelfu waliokuwa wakifanya kazi Saudi Arabia walilazimika kurudi kwao. Misri, iliyojiunga, ilisamehewa madeni makubwa. Afrika ilikuwa na viti vitatu katika Baraza mwaka huo: Ethiopia ya Mengistu, Zaire ya Mobutu, na Cote d'Ivoire ya Houphouët-Boigny. Wote watatu waliinua mikono kutetea haki ya Wakuwait, na Mengistu na Mobutu hawakuwa wamewauliza wananchi wao lolote kwa uhuru. Mengistu alikimbia nchi yake miezi sita baadaye. Sisi tunaona fahari zaidi kwa Senegal, nchi maskini iliyokuwa na vyama vingi, ambayo ilipeleka askari wapatao 500. Mwezi Machi 1991, vita vikiwa vimekwisha, 92 kati yao walikufa katika ajali ya ndege huko Saudi Arabia wakirudi kutoka ziara ya Makka. Ulimwengu hauwataji sana.

Tena yapo ya Kuwait yenyewe, ambayo hatukuambiwa sana wakati ule. Amiri alikuwa amelivunja bunge lake mwaka 1986 na kusimamisha vifungu vya katiba. Uvamizi ulipomkuta, yeye na wapinzani wake wengi walijikuta wakimbizi. Mwezi Oktoba 1990 walikutana Jeddah. Wapinzani wangeweza kusema huu si wakati wake, kwanza turudi nyumbani. Hawakusema hivyo. Walisimama pamoja na ukoo wa amiri dhidi ya mvamizi, lakini walidai, papo hapo, ahadi ya kurudishwa kwa katiba ya mwaka 1962, nao walipewa. Uchaguzi ulifanywa tarehe 5 Oktoba 1992. Wanawake walingoja hadi mwaka 2005 kupata kura, na mwaka 2024 amiri mwingine alilivunja bunge na kusimamisha baadhi ya vifungu. Kazi ya watu wale haijakwisha. Lakini wasingeuliza walipokuwa uhamishoni, wangeuliza lini?

Waliokosa kiti mezani ndio walioumia. Februari 1991 Rais Bush aliwahimiza Wairaqi wamwondoe Saddam wenyewe. Kuwait ilipokombolewa na mapigano kukoma tarehe 28 Februari, watu wa Basra, Najaf na Karbala waliinuka, na Wakurdi wa kaskazini wakainuka pia. Muungano haukuwasaidia. Katika mazungumzo ya Safwan tarehe 3 Machi, majenerali wa Iraq walikubaliwa kurusha helikopta, nao walizitumia kuwachinja raia wao. Azimio lilihusu Kuwait, na mataifa yalikuwa yameshawishiana juu ya Kuwait tu. Wairaqi wenyewe hawakuwa na msemaji hata mmoja aliyetambuliwa. Wakurdi walikimbilia milimani na watoto wao katika baridi, mpaka Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 688 tarehe 5 Aprili na hifadhi ikawekwa kaskazini. Kusini haikuwekwa. Twasema haya bila kupunguza, kwa sababu muungano unaookoa nchi na kuwaacha wananchi una doa ambalo ushindi haulifuti.

Mwaka 2003 vita vya pili vilipopigwa, mabunge yalipiga kura tena, lakini yaliambiwa habari za silaha ambazo baadaye hazikuonekana. Kura iliyojengwa juu ya habari za uongo haina nguvu ya ile ya mwaka 1991, na muungano wa safari ile ulionyesha udhaifu huo tangu mwanzo. Bunge la Uturuki, nchi rafiki ya Marekani, lilikataa tarehe 1 Machi 2003 askari wa Marekani wasipitie ardhini mwake, na muungano wa NATO haukuvunjika kwa sababu hiyo.

Turudi kwetu. Novemba 1991 nchi wafadhili zilipokutana Paris zilisema kwa kauli moja kwamba misaada mipya kwa Kenya ingesimama kwa miezi sita. Tarehe 10 Desemba Bunge lilifuta Kifungu cha 2A. Wafadhili hawakutuletea mageuzi. Mageuzi yalikwisha kulipiwa barabarani na vizuizini. Lakini sauti zao zilikuwa moja, hakuna aliyenunuliwa pembeni. Sisi tuliposhinda hilo tulifanya nini? FORD ikapasuka. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana zilizobaki karibu zote. Ilichukua miaka 10, mpaka mwaka 2002, wapinzani kukaa meza moja na kumpa Kibaki asilimia 62.

Leo Kenya nayo inaingia katika miungano ya mataifa, na hapo ndipo tunataka vikundi vyenu vianze kazi. Kifungu cha 240 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje. Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha mataifa kwenda Haiti, Kenya ikiwa mbele. Novemba Bunge lilikubali. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema kwamba serikali haina mamlaka ya kupeleka polisi kwa njia ile, na serikali ikalazimika kutia sahihi mapatano na Haiti kwanza. Polisi wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyohiyo, jijini Nairobi, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na wengine wao walipigwa risasi wakafa.

Tuanze basi na Kifungu hicho cha 240, kisomwe kwa sauti, kisha kila mmoja aseme angemuuliza nini mbunge wake kabla hajainua mkono. Nakala ziko mezani kule nyuma.