Habari kwa Wazazi wa Kizingitini: Bahari na Shule

(Haya ni maneno yaliyoandikwa ili yasomwe mbele ya wazazi wa watoto wa shule, mjini Kizingitini, katika Kisiwa cha Pate. Tumeyatia hapa ili wazazi wa Faza, Tundwa, Mbwajumwali, Siyu, Ndau na Kiwayu nao wapate kuyasoma.)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioketi nyuma,

Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja hapa. Najua ya kuwa mwenye mashua hapendi kuketi barazani wakati maji yanajaa, kwa hiyo sitarefusha maneno. Nimekuja na habari za shule. Kwanza nitaeleza mambo yaliyobadilika, kisha mambo yanayokuja katika mwaka wa masomo, na mwisho nina ombi moja kwenu.

NGAZI MPYA ZA MASOMO

Wengi wetu twaujua utaratibu wa zamani: miaka 8 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu. Utaratibu huo unakwisha. Mtihani wa darasa la nane, ule ulioitwa KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto husoma chekechea miaka 2, shule ya msingi miaka 6, sekondari msingi miaka 3, na sekondari pevu miaka 3, ndipo aende chuoni. Watoto wa kwanza wa utaratibu huu waliingia Gredi ya 7 mwezi wa Januari 2023. Walifanya mtihani wa Gredi ya 9, uitwao KJSEA, mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Wale wa mwisho wa utaratibu wa zamani wamepangiwa kumaliza kwa mtihani wa KCSE wa mwaka 2027.

Liko jambo moja hapa ambalo kila mzazi yampasa alifahamu vizuri. Zamani mtoto aliweza kulegea miaka saba, kisha akajitahidi mwaka wa nane na kupita. Sasa haiwezekani hivyo. Alama za Gredi ya 9 hukusanywa kutoka mahali patatu. Sehemu 20 katika 100 hutokana na mtihani wa Gredi ya 6, uitwao KPSEA. Sehemu 20 hutokana na kazi zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Sehemu 60 zilizobaki ndizo za mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Ni kama mvuvi ambaye kamba wake hupimwa mara tatu, na bei hutolewa kwa jumla ya mizani zote tatu. Asipokuwapo mizani ya kwanza na ya pili, ya tatu peke yake haitamjazia hesabu. Basi mtoto anayekosa shule wiki tatu katika Gredi ya 7 asidhani ya kuwa hakuna anayeandika. Mwalimu anaandika.

MIHULA NA MAJIRA YA BAHARI

Mwaka wa masomo una mihula mitatu. Wa kwanza huanza mwezi wa Januari, wa pili mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na wa tatu mwishoni mwa Agosti. Mwishoni mwa Oktoba na katika Novemba huwa ndio wakati wa mitihani ya taifa.

Sasa linganisheni hesabu hiyo na hesabu yenu wenyewe. Muhula wa pili huangukia katika kusi, wakati bahari imechafuka na mashua nyingi zimepandishwa pwani. Wakati huo shule hujaa watoto. Muhula wa tatu huangukia katika demani, kusi inapolegea na bahari kutulia, na kila nahodha hutafuta mikono ya kumsaidia. Na hapo ndipo watoto wetu hutakiwa kukaa na vitabu vyao, kwa kuwa mtihani u karibu. Serikali haikuupanga mtihani kwa kutazama upepo wa Kizingitini, wala upepo haukupangwa kwa kutazama mtihani. Lakini vyote viwili huja pamoja, na anayevutwa huku na huku ni kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne.

Yako na mambo mengine ya kuweka akilini. Mwanzoni mwa kila muhula yafaa mzazi afike shuleni mwenyewe, aonane na mwalimu wa mtoto wake, asingoje kuitwa kwa sababu ya makosa. Watoto wa Gredi ya 9 huchagua shule na njia ya masomo kabla ya mtihani. Mwaka 2025 uchaguzi huo ulifanywa mwezi wa Juni, katika muhula wa pili, na kila mtoto aliandika shule 12. Basi ulizeni mapema, ili mtoto asichague peke yake.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ya pili ni sayansi ya jamii, pamoja na lugha. Ya tatu ni sanaa na michezo. Msimwambie mtoto ya kuwa njia moja ni ya werevu na nyingine ni ya wajinga. Mtazameni anapenda nini na anaweza nini, kisha mshaurianeni naye pamoja na mwalimu.

KARATASI ZA MTOTO

Jambo la tatu ni cheti cha kuzaliwa. Katika visiwa vyetu bado wako watoto waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, wakapewa jina na kufanyiwa akika, lakini jina lao halikuandikwa katika daftari la Serikali. Mtoto huyo husoma vizuri mpaka siku ya kuandikishwa kwa mtihani, ndipo baba yake aanze kukimbia na kutafuta boti ya kwenda Lamu, pengine siku ambayo maji yamekupwa na Mkanda haupitiki.

Sheria yataka kizazi kiandikishwe katika miezi 6. Ikipita hapo, kazi huwa ndefu zaidi na hutakiwa ushahidi mwingi zaidi. Mtoto akizaliwa nyumbani, mwendeeni naibu wa chifu, maana ndiye mwenye kupokea habari za vizazi vya nyumbani. Akizaliwa hospitali au zahanati, msiondoke kabla ya kuuliza karatasi yake. Na ambao watoto wao ni wakubwa na hawana cheti, tumieni miezi hii ya kusi, wakati mna nafasi, kulimaliza jambo hilo.

Cheti hiki kina maana pia kwa shule yenyewe. Elimu ya msingi imekuwa bila malipo tangu Januari 2003, na Serikali imeweka kiwango cha fedha kwa kila mtoto aliyeandikishwa: shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, shilingi 15,042 katika sekondari msingi, na shilingi 22,244 katika sekondari ya kutwa. Mtoto asiyeonekana katika daftari hana fungu. Wakiwa kumi, ni mafungu kumi yaliyopotea. Kisha twauliza kwa nini hakuna vitabu vya kutosha.

Nanyi mna haki ya kuuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema ya kuwa mtoto asitozwe ada ya kuingia katika shule ya umma, na asipigwe. Kila shule ina chama cha wazazi. Kama jambo haliendi sawa, semeni katika mkutano wa chama hicho, msiliseme forodhani tu na kuliacha hapo. Sheria hiyo hiyo yamwambia na mzazi ya kuwa asiyempeleka mtoto shule aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sikuja kuwatisha. Nawaambia ili mjue ya kuwa mzigo huu umewekwa juu ya mabega mawili, la shule na la nyumba.

HABARI YA BINTI ZETU

Mtoto akimaliza Gredi ya 9, aghalabu shule anayopangiwa huwa mbali na mji wake. Kwa mvulana baba husema, “Nenda, mwanangu, Mungu akulinde.” Kwa msichana baba hunyamaza, na mama hutazama chini. Naifahamu hofu hiyo, wala siidharau. Mtu kumpeleka binti yake ng’ambo, mahali asipo na shangazi wala mjomba, si jambo dogo.

Lakini tuwe wa kweli. Mara nyingi msichana akibaki nyumbani kwa hofu hiyo, mwaka haumaliziki bila ya kusikia habari za posa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza kumwoza mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Na hata kama si sheria, tazameni wenyewe: ni nani ambaye mama zetu wangependa awahudumie wakati wa kujifungua, au awafundishe binti zao? Je, si mwanamke wa hapa hapa anayeijua lugha yetu na desturi zetu? Mwanamke huyo hawezi kupatikana tusipomwacha asome. Wazazi watatu au wanne wakikubaliana kuwapeleka binti zao katika shule moja, watasafiri pamoja na kutazamana, na hofu itapungua. Na msichana aliyepatwa na mimba, mwongozo wa Serikali wa mwaka 2020 wamruhusu arudi shuleni. Msimfungie mlango.

OMBI LANGU

Sasa nafika kwenye ombi. Naomba ya kuwa katika muhula wa tatu, nahodha yeyote wa mji huu asimpakie katika chombo chake mtoto aliye katika daftari la shule siku ya masomo.

Najua mtasema, “Mimi sikusoma, na bahari imenilisha na kuwalisha watoto wangu.” Ni kweli, na kazi hiyo ina heshima yake. Wala sisemi ya kuwa mtoto asijifunze bahari. Ijumaa jioni, Jumamosi na wakati wa likizo yupo kwenu. Mfundisheni kusoma nyota, mikondo na miamba, maana elimu hiyo haimo katika vitabu vya shule. Lakini bahari yenyewe imebadilika. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na kazi zake zataka watu wenye vyeti. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo. Haki hiyo ilidaiwa kwa karatasi, kwa majina yaliyoandikwa, mbele ya majaji. Mvuvi ajuaye kusoma hutia sahihi jambo alijualo. Asiyejua hutia kidole gumba na kutumaini.

Mtasema tena, “Nyumba yangu haina chakula, na mkono wa kijana ni riziki.” Hili ndilo gumu, nami sina jibu jepesi. Lakini nawakumbusha jabia. Wazee walipoona ya kuwa kisiwa hakina maji matamu ya kutosha, hawakuketi kulaumu mbingu. Walitengeneza sakafu ya kupokea mvua na birika la kuiweka, ili maji ya masika yanywewe wakati wa kiangazi. Twaweza kufanya hivyo kwa fedha za kamba. Kaskazi inapokuwa njema, kila nyumba iweke kidogo kwa ajili ya sare, vitabu na nauli ya boti, kwa mkono mmoja au katika chama cha akina mama, ili mwezi wa Agosti ukifika mtoto asiwe ndiye akiba. Na kwa nyumba isiyo na chochote kabisa, mwulizeni mwalimu mkuu habari za basari na jinsi ya kujaza fomu zake. Fomu hiyo isipopelekwa, hakuna atakayejua shida yenu.

Juu ya madrasa nina neno dogo tu. Wako wanaodhani ya kuwa shule na chuo cha Kurani vinashindana. Haviwi hivyo ila tukivifanya sisi. Elimu ya dini ya Kiislamu imo katika masomo ya shule. Walimu wa pande mbili wakiketi pamoja na kugawana saa, mtoto atapata vyote viwili na usingizi wake pia.

Nimemaliza. Kesho alfajiri mtapita pwani, na huenda kijana mmoja akawasubiri pale na begi lake la shule akilificha nyuma ya mashua, akitumaini mtamwita. Nawaomba mumwambie kwa upole, “Rudi, mwanangu. Bahari utaikuta. Kengele hailii mara mbili.”